Saba Kati ya Kumi

Okolona, Louisville
8 Juni 2025

Aksanti wangu, bwana wa moyo wangu,

Leo ni wiki ya nne tangu pasta atuunganishe mikono, na bado nikiitwa Madamu Aksanti kule ghalani nageuka nyuma kutazama kama kuna mwanamke mwingine. Kisha nakumbuka kwamba ni mimi, na tabasamu linakaa usoni mpaka msimamizi ananiuliza nimekunywa nini. Namwambia nimeolewa. Anasema, "Tunajua, Chimène, unatuambia kila siku."

Nafurahi sana kwamba ulikubali wazo langu. Simu ni ya salamu tu wakati wa mapumziko, na mambo ya maana tunaandikiana, ili siku moja watoto wetu wafungue sanduku na kuona jinsi baba yao alivyompenda mama yao. Mpaka mkataba wako wa Columbus uishe mwezi wa nane, karatasi hizi ndizo mume wangu. Nazilaza kwenye mto wa pili. Gracieuse, ninayepanga naye nyumba, ananicheka. Acha acheke, yeye ana mto mmoja.

Bon, kuna jambo. Kaka Nshombo amechoka na ghala la Cheektowaga, pale Buffalo. Amepata kazi ya msimu huko Alaska kwenye tishari, kile chombo kipana kisicho na injini kinachovutwa na meli ndogo. Wanapeleka mafuta, unga na mbao kwa vijiji vya pwani ya kaskazini kabisa, ambako baharini kuna barafu karibu mwaka mzima. Kuna safari mbili. Moja inaondoka mwanzo wa Julai, nyingine mwisho wa Julai. Wanaokwenda ya kwanza wanabakizwa msimu wote. Wanaongoja ya pili hawana uhakika, ni bahati yao. Anatakiwa kuchagua mwezi huu.

Anataka kujua unaionaje bahari. Kukuuliza mwenyewe hathubutu. Tangu baba atutoke, yeye ndiye amesimama mahali pake, na mahari yako aliipokea kwa mikono yake miwili, na baba mkwe haombi ushauri kwa mkwe. Wewe nawe najua huwezi kumpigia. Donc mimi ndiye daraja lenu, na daraja lina furaha.

Kanisani Buffalo wanakuita mtu wa barafu. Mama amewaambia wanawake wa kwaya kwamba mkwe wake anaitazama bahari ya kaskazini kutoka angani na kujua siku barafu itakapoondoka. Ningekuwa na wewe hapa ningekubusu mpaka uchoke.

Wako, wako tena, wako siku zote,
Chimène


Columbus
13 Juni 2025

Chimène, bibi yangu mpendwa,

Barua yako ilikuja na manukato. Mwenzangu wa meza ya pili aliuliza kama kuna mtu amefungua sabuni.

Kwanza mwambie mama kwamba mimi sijui siku. Ninachofanya ni hiki. Setilaiti inapiga picha za rada na mimi nachora mistari juu yake: hapa barafu, hapa maji. Kiangazi ni kazi ya kukasirisha, kwa sababu barafu inayoyeyuka inajaa madimbwi juu yake, na kwenye picha dimbwi lililo juu ya barafu na bahari tupu vinafanana. Mistari yetu inaingia kwenye kompyuta pamoja na upepo, joto na mikondo, na kompyuta inaisukuma barafu mbele, siku baada ya siku. Kwa kuwa hakuna anayejua upepo wa wiki tatu zijazo, tunafanya hesabu mara kumi, kila mara kwa upepo tofauti kidogo.

Kwa pwani ile, mwanzo wa Julai, imetoka hivi. Mara saba, njia kando ya pwani inakuwa wazi. Mara tatu, upepo unageuka na kuvuma kutoka magharibi, na barafu iliyokuwa imesogea baharini inarudi kuubana ufuo. Tishari likiwa katikati halina pa kukimbilia. Hizo tatu si za kupuuza. Ningekuwa yeye, ningengoja safari ya pili. Mwisho wa Julai barafu nyingi itakuwa imeyeyuka.

Lakini mimi ni nani nimwambie Nshombo asiende kazini? Mkwe wa wiki nne hamkatazi aliyepokea mahari yake. Mpelekee neno hili kwa maneno yako. Lilainishe, wewe unajua kuongea nao.

Nakukumbuka hasa saa ya chai. Kikombe chako bado kiko hapa, sijakiosha.

Aksanti wako


Okolona, Louisville
17 Juni 2025

Mama yangu mpenzi na Kaka Nshombo,

Naandika badala ya kupiga, kwa sababu neno la mkwe halifai kusemwa kwenye spika, na wewe mama hujui simu isiyo na spika. Mara ya mwisho nilitaka kukuuliza habari za mgongo wako nikajibiwa na nusu ya kwaya.

Mume wangu amejibu. Mama, kama ungeona anavyoandika, taratibu, kila neno limepigwa pasi. Amefanya hesabu kwa ajili ya Kaka kwa kompyuta kubwa ya chuo, si mara moja, mara kumi. Na unajua imetoka ngapi? Saba. Siku ya saba Mungu alipumzika kazi yake ikiwa njema. Siku ya saba ukuta wa Yeriko ulianguka.

Njia kando ya pwani itafunguka mwanzo wa Julai. Kuna upepo wa hapa na pale, kama mahali popote. Yeye kwa upole wake anasema hata safari ya pili si mbaya, lakini Kaka ndiye mwenye kuamua.

Nimebarikiwa kuliko wanawake wote wa Louisville. Nawabusu.

Binti yenu,
Chimène


Buffalo
23 Juni 2025

Chimène mwanangu,

Barua yako niliisoma jikoni kwa sauti, na nilipofika kwenye saba, Caritas wa kwaya alipiga kigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Nshombo amejiandikisha safari ya kwanza. Anaondoka Ijumaa kwa ndege. Tumemwombea na kumpaka mafuta.

Mwambie mkwe wangu kwa mdomo wako kwamba nimeshukuru. Mimi barafu naiogopa. Ya ziwa letu hapa nimeiona: asubuhi maji matupu, upepo ukigeuka, mchana ni nyeupe mpaka ukingoni. Lakini kama mwenye kujua amesema, ninyamaze.

Mama yako,
Cibalonza

Dada, hapa chini ni mimi Nshombo, mama amekwenda kupakua ugali. Mwambie mumeo kwamba barafu ikinishika, narudisha mahari yake na kudai nyingine mpya. Nikirudi salama anaongeza mbuzi. Nimenunua glavu zinazonifanya nifanane na bata.


Columbus
1 Julai 2025

Chimène wangu,

Uliponiambia kwenye simu kwamba Nshombo amefika Alaska salama, nilifurahi. Azoee baridi kidogo na kuijua kazi kabla safari ya pili haijaondoka.

Nakuandikia habari za kazini kwa kuwa unasema unazipenda. Katika hesabu ya jana zile saba zimekuwa nne. Upepo wa magharibi unajijenga, na mimi mwenyewe nimeiona barafu kwenye picha imeanza kurudi, ulimi mrefu mweupe unaoelekea ufuoni. Kikundi chetu kimetuma onyo kwa vijiji na kwa meli. Wengine watalisikia, wengine wana mizigo ya kufikisha.

Nilipotoka kwenye kiti nilimshukuru Mungu kwa ajili ya daraja langu. Heri Nshombo hayumo.

Nimeona kochi la kijani kwa ajili ya nyumba yetu. Utalikataa, kisha utalipenda.

Aksanti


Okolona, Louisville
7 Julai 2025

Aksanti,

Heri hayumo, unaandika. Yumo.

Waliondoka tarehe tatu. Barua yako imefika leo, ina stempu ya ua. Nimeisoma nimesimama kwenye chumba cha kufulia, nguo zikidondosha maji miguuni pangu. Uliona saba zikawa nne, ukachukua kalamu. Una simu. Ulinipigia siku hiyo hiyo mchana ukaniuliza nimekula nini, nikasema maharage, ukasema unanipenda. Neno upepo halikutoka kinywani mwako.

Najua utaniambia barua ni makubaliano yetu. Makubaliano yalikuwa ya mapenzi. Nani aliyekuambia uweke kifo cha kaka yangu kwenye bahasha, pamoja na kochi la kijani?

Kampuni imempigia mama jana. Barafu imerudi. Tishari limebanwa kati yake na ufuo, na meli inayolivuta imevunjika usukani. Kuna watu sita ndani. Nahodha ana redio, lakini nahodha hana muda wa kuongea na mama wa Buffalo. Helikopta haiwezi kuruka kwa ukungu. Mama anakaa sakafuni kwenye mlango wa chumba cha Nshombo, hataki kiti.

Usinipigie. Nikisikia sauti yako nitalia, na sitaki kulia, nataka kukasirika. Ukiwa na neno, andika, si unapenda kuandika.

Chimène


Columbus
10 Julai 2025

Chimène,

Umesema niandike, naandika.

Nilisema angoje. Chukua barua yangu ya tarehe kumi na tatu, iko kwenye ule mto wako, uisome. Nilisema hizo tatu si za kupuuza. Nilisema ningekuwa yeye ningengoja safari ya pili.

Leo nimepigiwa na Mzee Ruberwa wa kanisa lenu la Buffalo. Hakunisalimu. Aliniuliza ni roho gani iliyonionyesha saba. Chimène, mimi sikuonyeshwa kitu. Nilihesabu saba, na nilihesabu tatu. Kumi ziliondoka Columbus, zikafika Buffalo saba. Louisville imekula tatu.

Unajua kazi yangu ni nini? Kazi yangu yote ni zile tatu. Kwamba bahari ya pwani ile inafunguka Julai, hata mtoto wa kule anajua, inafunguka karibu kila Julai. Mimi nalipwa kwa ajili ya mwaka ambao haifunguki. Wewe umechukua kazi yangu, umetupa nyama, umewapelekea ngozi na kuwaambia ni zawadi ya mkwe.

Na si mara ya kwanza. Kabla ya ndoa nilikuambia mkataba wangu huenda usiongezwe, ukawaambia watu nimepandishwa cheo. Nilicheka, nikasema ni furaha tu, ndivyo alivyo. Sicheki tena. Kila kitu kikipita mikononi mwako kinatoka kimepambwa, na sasa watu sita wako ndani ya pambo lako.

Nimekasirika hata mwandiko wangu siujui. Sijui nikuite nani hapa mwisho.

Aksanti


Buffalo
11 Julai 2025

Kwako Aksanti,

Kwetu mama hamwandikii mkwe wake. Hatuketi chumba kimoja, hatuli sahani moja, na tangu siku ya ndoa jina lako sijalitamka. Leo nalitamka, Aksanti, ili ujue tumefika wapi.

Ulisema njia itafunguka. Niliisoma mbele ya watu, nikiwa na fahari, mimi mjinga. Nilimfungia mwanangu sanduku kwa mikono hii. Una mashine za kutazama bahari nzima na hukuweza kumtazama mtu mmoja. Kama hukujua, ungesema hujui. Kutojua si aibu. Hapa mtaani tuko wengi tusiojua na tunaishi vizuri.

Nimemwambia Chimène apande basi aje kwangu. Atakaa hapa mpaka Nshombo asimame kwenye mlango huu. Asiposimama, usije kumchukua, hutamkuta bibi, utamkuta dada wa marehemu.

Na usinijibu kupitia kwa binti yangu. Kama una neno, niandikie mimi. Heshima tumeshaivunja, tuivunje vizuri.

Cibalonza, mama yake Nshombo


Columbus
14 Julai 2025

Mama,

Nakuandikia nikiwa nimeinamisha uso.

Neno la saba lilitoka kwangu. Niliona hatari na sikuisema kwa nguvu. Nilimwambia Chimène alilainishe neno langu, na anayetaka neno lilainishwe asishangae likifika laini. Ningempigia Nshombo mwenyewe, nimwambie: usiende. Niliona haya kumkataza mtu aliyepokea mahari yangu. Haya hiyo niliiita heshima. Ilikuwa woga uliovaa koti la harusi. Kosa ni langu peke yangu.

Lakini sitakudanganya, mama, nami nimekukasirikia. Umemwita bibi yangu kwako bila kuniuliza, kama mtu anayechukua kiti chake kutoka nyumba ya jirani.

Sasa nakupa neno ambalo halijapita mkononi mwa mtu. Barafu iliyowabana ilisukumwa na upepo wa magharibi. Imerundikana, vipande vimepandana, kwa hiyo haiyeyuki upesi hata kama jua linawaka. Itaachia upepo ukigeuka na kuvuma kutoka mashariki. Hesabu ya leo asubuhi: mara sita, upepo unageuka kabla ya Jumapili, barafu inasogea baharini na tishari linakuwa huru. Mara nne haugeuki, na barafu inalipanda tishari na kuliponda. Sita na nne, mama. Nimezitaja zote. Ukiomba, ziombee zile nne.

Tangu Ijumaa nachora kitu kimoja tu. Kuna barafu iliyokita mpaka chini ya bahari, haielei, haisogei. Ikibidi watoke kwa miguu kwenda nchi kavu, watapita juu ya hiyo. Natafuta njia hiyo kwenye picha, na ramani inatumwa kwa walinzi wa pwani na kwa nahodha kila asubuhi. Picha zinadanganya, madimbwi yanafanana na bahari. Nachora taratibu, nafuta, nachora tena.

Mkwe wako,
Aksanti


Buffalo
18 Julai 2025

Aksanti,

Mama aliketi juu ya miwani yake juzi, kwa hiyo alinipa barua yako nimsomee. Nilisoma vizuri mpaka "kosa ni langu peke yangu." Hapo niliacha kusoma. Si kwa huzuni, kwa hasira.

Nani alikutuma unifunike? Kwangu unaandika kwamba Louisville imekula tatu, watu sita wako ndani ya pambo langu, mwisho wa barua hata jina la kuniita hulijui. Halafu kwa mama unakuwa malaika. Mimi sikuolewa na malaika. Malaika hakoromi, na hamwachii mwenzake vyombo. Kama umenikasirikia, nikasirikie mbele ya watu, nisimame pale nijibu. Ukinifunika namna hiyo, ninabaki mtoto ambaye watu wazima wamekubaliana wasimwambie kitu.

Nikaweka karatasi mezani, nikamwambia mama: zilikuwa kumi, tatu nilizitoa mimi. Nikamwambia ulisema angoje.

Mama akainuka, akazima jiko. Akasema, "Kwa hiyo nimemtukana mtoto wa watu bure."

Nikasema si bure kabisa, angepiga simu.

"Wewe nyamaza."

Tangu hapo hasemi nami. Anaongea kuhusu wewe. Anazunguka nyumba akisema, Aksanti alisema sita na nne, Aksanti anachora. Jina ambalo hakuwahi kulitamka sasa linamtoka kama chumvi katika kila chakula, na langu limepotea. Wanawake wa kwaya wanakuja kila asubuhi, na amewakataza kuziombea sita. Caritas aliuliza, si tuombee tu zote kumi? Mama akamwonyesha mlango.

Unataka kujua kwa nini nilizitoa. Nilikuwa na furaha. Ni hilo tu. Nilikuwa na furaha mpya ambayo sijawahi kuwa nayo, na nilitaka kila kinachotoka kwako kifike kwao kikiwa kizuri, wakuone mkubwa. Ulikuwa mkubwa pamoja na zile tatu. Sikulijua hilo. Sasa nalijua, na nina hasira kwamba nimelijua kwa bei ya Nshombo.

Nilikwenda ziwani jana peke yangu. Maji ya kiangazi, watoto wanaogelea, mtu anauza aiskrimu. Nilitazama bendera za mashua upepo unakoelekea, kama mpumbavu, kana kwamba upepo wa hapa unajua chochote cha kule.

Chora. Usinijibu, chora.

Chimène


Anchorage, hospitalini
25 Julai 2025

Mkwe Aksanti,

Naandika kwa mkono wa kushoto, vumilia. Wa kulia umefungwa kama mtoto mchanga.

Upepo haukugeuka. Zilikuwa zile nne. Jumamosi barafu ilianza kupanda juu ya tishari, vipande vikubwa kama milango ya gereji vinakuja polepole, na sauti yake ni kama malori yanarudi nyuma pande zote. Tishari lilipasuka. Nahodha alisema tunatoka kwa miguu. Alikuwa na ramani, ameiweka kwenye mfuko wa nailoni, ina mstari. Hakujua nani aliuchora. Mimi mama alikuwa ameniambia, kampuni ilimpa dakika moja ya redio Ijumaa na aliitumia yote kunieleza kazi yako. Hakuniuliza hata kama nimekula.

Tulipita juu ya mstari wako, watu sita tumefungana kamba. Kuna ukungu, huoni mguu wako. Mstari ulishikilia karibu wote. Karibu na ufuo kuna mahali umeandika barafu, mkwe, na palikuwa maji. Niliingia mpaka kifuani, na walipokuwa wananivuta vipande viwili vikakutana, mkono ukiwa katikati. Nilikutukana hapo. Nilikutukana kwa Mashi, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, na ukoo wako wote. Wenzangu walidhani ninasali.

Kisha tukafika kwenye changarawe, na nikakumbuka kwamba bila mstari huo nisingefika hata mahali pa kukutukana.

Mkono hawajaukata. Vidole viwili havitakunjika tena, wanasema. Nimekasirika na wewe kwa vidole viwili na nimekushukuru kwa mengine yote, kwa hiyo sijui nisimame wapi. Na nimekasirika na mimi. Safari ya pili ilipita pwani jana, maji wazi kabisa, nilisikia wanaongea kwenye televisheni.

Nakuamuru kama baba mkwe: ukiona upepo tena, nipigie. Hata kama ningepokea ng'ombe elfu. Unipigie, uniambie Nshombo wewe mjinga kaa chini.

Mbuzi bado nakudai.

Nshombo


Buffalo
2 Agosti 2025

Aksanti, bwana wangu,

Haya yote nilikuambia jana kwenye simu, saa nzima, mpaka sikio langu likawa moto. Naandika tena kwa ajili ya sanduku, maana watoto wetu wakifungua na kukuta tu hasira watadhani tuliachana.

Nshombo alisimama mlangoni Alhamisi. Mama alikuwa ameapa kupiga kigelegele. Alipomwona alimpiga kofi begani, lile zima, akamwambia amekonda, akaenda chooni akajifungia. Tulimsikia. Kisha akatoka akaanza kusema nami, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Alisema, "Chimène, mumeo anakula nini?"

Kwa hiyo njoo. Ni desturi yetu kwamba mume anakuja kumchukua bibi yake mwenyewe, hatumwi mtu, haitumwi barua. Jumamosi ijayo ni nzuri. Nimemuuliza mama kama atakufungulia mlango. Alifikiri sana, mwiko mkononi, akasema kati ya mara kumi, mara saba atafungua. Safari hii nakuletea zote.

Katika zile tatu, moja ni kwamba atafungua, akuone, aikumbuke barua aliyokuandikia, aone haya, aufunge tena akimbilie jikoni, na wewe utabaki nje na begi lako. Nyingine, Nshombo atafungua kwa mkono wa kushoto na hutavuka kizingiti mpaka utaje rangi ya mbuzi.

Ya mwisho, nitafungua mimi. Bado nina hasira, nyingine ni yako na nyingine ni yangu, na nimezihesabu kila namna sijui zitageukia wapi nikiuona uso wako. Hiyo usiipuuze.

Ukiwa umeelewa hivyo, njoo.

Chimène